Unatumia aspirini ya moyo? Zijue dalili za kuvuja damu



Mzee mmoja wa msikiti wetu, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akituadhinia alfajiri, alianguka siku moja wakati akiinuka kutoka katika sijda. Swala ilipomalizika watu walimzunguka. Mmoja akasema ni presha, mwingine akasema sukari imeshuka, na wapo walioanza kumsomea. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na umeloa jasho. Nikamfunua kope la chini la jicho, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Nikamuuliza, "Mzee, choo chako kina rangi gani?" Akaona haya kunijibu mbele za watu. Tulipomtoa barazani ndipo akaniambia, "Mwanangu, siku ya tisa leo ni cheusi kama lami. Nilidhani ni zile dawa."

Alikuwa amesema kweli. Zilikuwa ni zile dawa, ila si kwa maana aliyoidhani.

Dawa zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ni aspirini, aliyoanza kuinunua mwenyewe dukani baada ya jirani yake kupata kiharusi na kuandikiwa na daktari. Mzee wetu hakuwa na kiharusi wala ugonjwa wa moyo, bali alitaka kujikinga. Ya pili ni diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya magoti. Hii ya pili niliiandika mimi. Wiki mbili kabla alikuja kituoni analalamika kwamba hawezi tena kukaa tahiyatu. Nikamuuliza kama ana vidonda vya tumbo, akasema hana. Sikumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Swali hilo moja ningelimuuliza, nisingeliiandika dawa ile. Alifika hospitali himoglobini ikiwa 5, akaongezewa chupa tatu za damu, na alhamdulillah yu hai. Makala haya ninayaandika kwa sababu yake, na kwa ruhusa yake.

Si "dawa ya kuyeyusha damu"

Watu wengi huiita aspirini ya moyo "dawa ya kuyeyusha damu", na utamsikia mtu akisema damu yake ni nzito kwa hiyo anaila ili iwe nyepesi. Jina hilo linapotosha. Aspirini haiifanyi damu kuwa maji maji. Ukiichota damu ya anayeitumia na ya asiyeitumia ukaziweka kwenye vikombe viwili, hutaona moja ni nzito na nyingine ni nyepesi.

Ndani ya damu zetu Allah (s.w.t.) ameweka chembe ndogo sana, ndogo kuliko zile nyekundu, zinazoitwa chembe sahani. Tone moja dogo la damu lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000. Kazi yake ni kuziba. Mshipa ukichanika, zile zilizo karibu huganda pale kwenye ufa, kisha hutoa kemikali ya kuziita nyingine, nazo huja kushikana na za kwanza mpaka panakuwa na kizibo. Kila tunapojikata kwa kisu cha jikoni na damu ikakatika baada ya dakika chache, hiyo ndiyo kazi yake.

Tatizo linakuja pale mshipa wa moyo au wa ubongo unapokuwa na utando wa mafuta ndani yake. Utando huo ukipasuka, chembe sahani huona ni jeraha kama jeraha jingine lolote. Hujazana pale, donge hujengeka, na njia ya damu huzibika. Kwenye moyo hilo ndilo shambulio la moyo, na kwenye ubongo ndicho kiharusi cha kuziba, ambacho ndicho kingi zaidi kuliko kile cha kupasuka.

Aspirini huizima ile kemikali ya kuitana. Dawa nyingine iitwayo klopidogreli hufunga mlango mwingine ambao chembe hizo hupokelea wito. Ndiyo maana mtu aliyewekewa stenti, yaani ule mrija mdogo wa wavu wa chuma unaotanua mshipa wa moyo, hupewa zote mbili kwa pamoja, mara nyingi kwa muda wa miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe pale Muhimbili mwaka 2015, watu wenye stenti si wageni tena katika mitaa yetu. Ipo pia tikagrelo, ambayo humezwa mara mbili kwa siku.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa msomaji alishike vizuri, kwani mengi yanayofuata yanategemea hilo. Chembe sahani haina kiini. Ikishazimwa na aspirini au klopidogreli haiwezi kujitengeneza upya, hubaki hivyo mpaka ife, na maisha yake ni siku 7 hadi 10 tu. Kila siku mwili hutengeneza mpya kiasi cha moja ya kumi. Kwa hiyo kidonge ulichomeza Jumamosi, Jumatano bado kazi yake ipo. Mtu anayesema "leo sikumeza, kwa hiyo naweza kung'oa jino bila wasiwasi" anajidanganya. Na yule anayevuja damu hawezi kusaidiwa kwa kuacha kidonge cha kesho pekee.

Kuvuja damu ndiko kulikofanya igunduliwe

Aspirini iliingia sokoni mwaka 1899 ikiwa ni dawa ya homa na maumivu. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja wa Kimarekani huko California, Lawrence Craven, alikuwa akiwakata wagonjwa tezi za koo na kuwapa bigijii zenye aspirini ili kutuliza maumivu. Akaona wanaotafuna nyingi wanavuja damu sana, hata wengine kurudishwa hospitali. Daktari mwingine angeliishia kuizuia ile bigijii. Yeye akajiuliza: kama kitu hiki kinazuia damu kuganda kwenye koo, je, hakiwezi kuizuia isigande kwenye mshipa wa moyo? Akaanza kuwapa wanaume wa makamo.

Ushahidi mkubwa ulikuja baadaye sana. Mwaka 1988 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao ISIS-2, uliohusisha watu 17,187 waliokuwa wamepatwa na shambulio la moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja walikufa asilimia 9.4 katika wiki tano za mwanzo, na wasiopewa walikufa asilimia 11.8. Dawa ya bei ya peremende ikaokoa watu 24 katika kila 1,000.

Nimeleta kisa hiki ili tuelewe kwamba kuvuja damu si hitilafu ya kidonge kibovu au bandia, kama ninavyosikia baadhi ya watu wakilalamika. Ni kazi ile ile ya dawa, ikifanyika mahali ambapo hatukuitaka.

Kwa nini tumbo ndilo linaloumia

Mahali panapovuja sana ni tumboni. Wengi hufikiri ni kwa sababu kidonge chenyewe kinachoma utumbo kikipita, kwa hiyo wakila kwanza, au wakinunua kile chenye gamba kisichoyeyuka tumboni, wamesalimika. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu na kiungulia, nami sikukatazi. Lakini madhara makubwa hayaji kwa njia hiyo. Ukuta wa tumbo hujilinda dhidi ya asidi yake wenyewe kwa ute, na ute huo hutengenezwa kwa amri ya kemikali zinazoitwa prostaglandini. Aspirini ikishaingia kwenye damu huzizima na hizo pia. Ngao inapungua, asidi inachimba kidonda, na kidonda kikifika kwenye mshipa hakuna chembe sahani zenye nguvu ya kukiziba. Ni mapigo mawili kwa wakati mmoja. Gamba la kidonge halizuii lolote katika hayo.

Walio hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, waliowahi kupata vidonda vya tumbo, wenye bakteria wa tumbo aitwaye Helikobakta, wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia warfarini au prednisoloni. Mtu wa aina hii akilazimika kutumia aspirini au klopidogreli, daktari humwongezea dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli au pantoprazoli. Wanaomeza klopidogreli wachague pantoprazoli, kwani omeprazoli huipunguza nguvu klopidogreli katika ini. Bakteria yule naye anapimika, na anatibika kwa vidonge vya siku 14.

Ama diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zake, hizi ndizo zinazoniletea wagonjwa. Nazo huzima zile zile prostaglandini za tumbo. Mtu anameza aspirini ya moyo asubuhi, jioni mgongo unamuuma anakwenda duka la dawa kuomba "kitu cha maumivu", na hakuna anayemuuliza. Tena ibuprofeni ikitangulia hukaa mahali pa aspirini kwenye chembe sahani na kuizuia isifanye kazi ya kulinda moyo. Ukapata hasara pande zote mbili. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Na zile dawa za kichwa zinazouzwa vidonge viwili viwili kila duka la mtaani, soma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Ukiona neno Aspirin au herufi ASA, ujue unaongeza dozi juu ya dozi.

Je, kila mtu mzima anaihitaji?

Hapana. Hili limebadilika, na wengi, wakiwemo baadhi yetu tunaovaa makoti meupe, bado hawajapata habari.

Mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, kiharusi cha kuziba, au aliyewekewa stenti, faida kwake ni kubwa kuliko hatari. Lakini mtu mzima mwenye afya, ambaye hajawahi kuugua hayo, ni habari nyingine. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao ASPREE, uliofanyika Australia na Marekani kwa watu 19,114, karibu wote wakiwa na umri wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa aspirini miligramu 100 kila siku na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa karibu miaka mitano. Aspirini haikuwapunguzia maradhi ya moyo kwa kiasi cha maana. Ila waliovuja damu vibaya walikuwa 361 kwa upande wa aspirini na 265 kwa upande wa pili. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga likashauri watu wa miaka 60 na zaidi wasianze aspirini kwa ajili ya kujikinga tu.

Mzee wetu wa adhana alikuwa katika kundi hili. Alinunua hatari bila faida. Tena alikuwa akimeza kidonge cha miligramu 300 kila siku, kile cha maumivu, wakati aspirini ya moyo ni miligramu 75 hadi 100. Kuzidisha hakuongezi kinga, kunaongeza kuvuja.

Na mwenye presha isiyodhibitiwa ashushe presha kwanza. Aspirini juu ya presha ya 200 ni kuukaribisha ule ugonjwa mwingine wa kupasuka mshipa wa ubongo.

Damu ya kuvumilia na damu ya kukimbilia hospitali

Anayetumia dawa hizi ataona mambo madogo madogo. Akijigonga kwenye kona ya kitanda, anaota doa la bluu kubwa kuliko zamani. Akinyoa, kijikato kinachukua muda kukauka. Akipiga mswaki, anaona wekundu. Haya hayahitaji kuacha dawa. Jeraha dogo lishindilie kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 kwa saa, bila kufunua kuchungulia, kwani kila ukifunua unakibandua kizibo kilichoanza kujengeka.

Damu ikitoka puani, kaa, inama mbele kidogo, ibane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili dakika 15, na upumue kwa mdomo. Kulaza kichwa nyuma, jinsi tulivyofundishwa na bibi zetu, kunaipeleka damu kooni na tumboni, ukaja kutapika damu ukawatisha watu wa nyumbani bure. Ikipita nusu saa haijakatika, nenda hospitali.

Fizi nazo, wengi wakiona damu huacha mswaki. Mara nyingi fizi inayovuja ina uchafu uliogandamana chini yake, na dawa imeidhihirisha tu. Endelea na mswaki kwa ncha laini, mti wa sunna uutafune mpaka uwe nyuzi, kisha umwone daktari wa meno.

Yasiyongoja kesho ni haya. Choo cheusi kinachonata na kung'aa kama lami, chenye harufu isiyo ya kawaida. Hiyo ni damu iliyopikwa na asidi ya tumbo. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakinuki namna ile.) Kutapika damu, au kitu mfano wa machicha ya kahawa. Mkojo mwekundu. Kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio, pumzi kukatika kwa kupanda ngazi ulizokuwa ukizipanda. Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, au mzee aliyeanguka akajigonga kichwa halafu anakuwa na usingizi mwingi au maneno hayaeleweki, hata kama kwa nje hana jeraha.

Kuhusu choo nasisitiza kwa sababu ya haya. Sisi tumelelewa kutozungumza habari za chooni, na ni adabu njema. Lakini maswahaba, wanaume kwa wanawake, walimuuliza Mtume (s.a.w.) habari za madhii, za hedhi na za janaba, na dini ikafahamika kwa maswali hayo. Mzee wetu aliona choo cheusi siku tisa, na katika siku hizo tisa aliniamkia msikitini si chini ya mara ishirini.

Usiiache kwa uamuzi wako

Baada ya kusoma hapo juu, mtu anaweza kuchukua pakiti yake akaitupa. Tafadhali usifanye hivyo.

Mama mmoja jirani yetu alipata kiharusi chepesi, mkono ukalegea kwa siku mbili ukarudi. Akaandikiwa aspirini. Baada ya miezi minne akaona madoa ya bluu mapajani, shoga yake akamwambia dawa inamharibu damu. Akaiacha kimya kimya. Mwezi wa pili yake akapata kiharusi cha pili, na hiki hakikuwa chepesi. Leo analishwa. Siwezi kusema kwa hakika kwamba kidonge kingemzuilia, hiyo ni elimu ya Allah peke yake, lakini kidonge kile alipewa kwa ajili ya jambo lile lile.

Upo utafiti mdogo wa Hong Kong uliotolewa mwaka 2010 ambao kwangu ni somo kubwa. Wagonjwa 156 wa moyo na kiharusi waliokuwa wakitumia aspirini walivuja damu kwenye vidonda vya tumbo. Baada ya kidonda kuzibwa kwa mpira wa kamera na kupewa dawa ya asidi, nusu yao waliendelea na aspirini na nusu walisimamishwa. Walioendelea walivuja tena zaidi kidogo, asilimia 10 dhidi ya 5. Lakini ndani ya wiki nane, waliokufa kati ya walioendelea walikuwa asilimia 1.3, na kati ya waliosimamishwa asilimia 12.9. Yaani hata baada ya kuvuja damu, kwa mtu mwenye sababu ya kweli ya kuitumia, kuacha kabisa kuliua wengi kuliko kuendelea. Uamuzi wa kuacha, kwa siku ngapi, na kurudi lini, ni wa daktari anayejua kwa nini ulipewa. Mwenye stenti ya miezi michache ndiyo kabisa: akiacha klopidogreli ghafla, stenti inaweza kuziba siku yoyote.

Ukitaka kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo. Kwa jino moja mara nyingi huachi dawa, atakushindilia pamba na kukushona. Kwa upasuaji mkubwa huenda ukaambiwa usimamishe klopidogreli siku 5 kabla, au aspirini siku 7, na sababu ya siku hizo umekwisha kuiona katika umri wa chembe sahani.

Homa ya denge

Dar es Salaam ililipukiwa na denge mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mvua za masika zinapokuja mbu wake huwapo. Denge huzishusha chembe sahani idadi, na aspirini huzinyima nguvu zile zilizobaki. Mtu mwenye homa kali, maumivu nyuma ya macho na mwili kuvunjika asimeze aspirini wala diklofenaki kutuliza homa. Ni parasetamoli na maji mengi. Kama yeye tayari ni mtumiaji wa aspirini ya moyo, aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe denge na idadi ya chembe sahani, na aseme anatumia nini.

Kitunguu swaumu na tangawizi katika mchuzi havina neno. Kumeza vichane vibichi kila asubuhi au vidonge vyake vilivyokolezwa, pamoja na aspirini na klopidogreli, ni kuongeza dawa ya tatu isiyopimwa. Mwambie daktari. Hatakucheka, na akikucheka mwambie tena.

Hijama

Hapa najua nitaandikiwa barua. Hijama, ambayo wazee wetu waliita kuumika au kupiga chuku, ni katika tiba alizozitumia na kuzisifu Mtume (s.a.w.), na mimi mwenyewe nimeumikwa zaidi ya mara moja. Maneno yangu ni juu ya mtu anayetumia aspirini, na hasa anayetumia dawa mbili kwa pamoja.

Hijama ya damu ni mikato midogo mingi, na kikombe kinavuta. Kwa mtu wa kawaida chembe sahani hufunga mikato ile. Kwa huyu hazifungi kwa wakati, na nimeshuhudia mtu aliyeondoka kwa mwenye kuumika saa nne asubuhi, saa kumi kanzu yake ya tatu imeloa mgongoni. Wengine kwa kujua hilo huacha vidonge siku mbili ili waumikwe. Siku mbili hazitoshi kuzirudisha chembe sahani, lakini zinatosha kuanza kumpunguzia kinga. Asiache vidonge. Aahirishe hijama mpaka daktari wake aseme, na ikiwa dawa ni ya maisha, basi akubali kwamba tiba nyingine imemtangulia. Hijama haikufaradhishwa kwa yeyote.

Kwa ndugu zetu wanaoumika: muulizeni kila anayekuja anatumia dawa gani, kama nilivyotakiwa kuuliza mimi. Imepokewa katika Abu Daud kwamba anayetibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa anachokiharibu. Na nyembe ziwe mpya kwa kila mtu.

Udhu, swala na funga

Maswali haya huulizwa nami nayajibu kwa kadiri nilivyosoma chuoni. Mwenye shaka amwone sheikh wake. Katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii tunaifuata, damu ya puani, ya fizi au ya jeraha haivunji udhu, ijapokuwa ni najisi na huoshwa. Kwa Hanafi ikitiririka inavunja. Damu inayotoka kwa nyuma inavunja udhu kwa Shafi pia. Jeraha lisilokatika hufungwa, na mtu huswali. Sayyidna Umar (r.a.) aliswali alfajiri ile aliyochomwa na damu inamtoka.

Kinamama baadhi huona hedhi imekuwa nzito au imerefuka. Ikivuka siku 15 kwa Shafi ni istihadha, ataoga na kuswali. Lakini kabla ya hukumu kuna tiba: anayebadilisha pedi kila saa, au anayeona mabonge, apimwe damu.

Ramadhani haina ugumu. Aspirini na klopidogreli ni mara moja kwa siku, zihamishie baada ya futari. Tikagrelo ni futari na daku. Damu ikitoka fizi mchana, iteme na usukutue. Na ikiwa kifua kinabana mchana wa Ramadhani, maumivu yanakwenda mkononi au tayani na jasho linatoka, fungua, tafuna aspirini ya miligramu 300 kama huna mzio nayo wala huvuji damu, na ukimbizwe hospitali. Siku hiyo utailipa. Yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga akafa, Mtume (s.a.w.) aliwakasirikia sana waliomwambia vile.

Wanaojiandaa kwenda Hijja na Umra wabebe dawa za siku zote za safari pamoja na cheti cha daktari, katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku la ndege. Wakati wa kutoka katika ihramu vinyozi huwa na haraka na wembe. Mwenye kutumia dawa hizi anaweza kupunguza nywele kwa mkasi au kwa mashine, na hilo sheria imelikubali.

Na kwa kila msomaji mwenye mzazi nyumbani: leo jioni chukua mfuko wake wa dawa, mwaga vyote kitandani, hata vile vya dukani na vya asili, uviandike kwenye karatasi moja kwa majina na miligramu. Karatasi hiyo aiweke mfukoni, aitoe kila aendapo kwa daktari, kwa mfamasia, kwa daktari wa meno na kwa mwenye kuumika. Mzee wetu anayo ya kwake sasa, ina parasetamoli na dawa ya presha tu. Huitoa hata nisipomwomba.

Wabillahi tawfiq.